Mama Mkwe, Najua Mkojo Ulikuwa Wako

Kwa mama mkwe wangu, uliyelala chini ya migomba yako mwenyewe,

Pokea salamu zetu huko uliko. Sisi hatujambo, na ng'ombe hawajambo, ila yule wa kahawia aliyekupiga teke bado ana kiburi, na sasa amezaa ndama mwenye tabia zake. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyosema ni ya makarani na wauza vitambaa. Najua huwezi kuisoma, ndiyo maana nimeichagua. Miaka ishirini nimekaa boma moja nawe na sikuwahi kumaliza sentensi kabla hujaingilia kati. Leo nitasema mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni la Ombati. Juzi, wageni wa matanga yako walipokwisha kuondoka, aliniambia siri yenu. Sisemi ile ya mkojo, maana hiyo niliijua zamani. Nasema hii ya pili, ambayo mlinificha miaka mitano mizima mkinitazama usoni na kula ugali wangu.

Unakumbuka ugonjwa ulivyoanza. Ombati alikuwa na miaka tisa. Alimaliza mtungi wa maji peke yake kabla ya saa nne, na alipokojoa nyuma ya ghala sisimizi walipanga mstari kama watu wanaongoja daktari. Tulimpeleka hospitali mjini Kisii, na dresa, msaidizi wa daktari, yule mtu wa kutoka ziwani aliyevaa soksi ndefu, akatueleza. "Huyu mtoto iko na ugonjwa ya sukari, Mama. Bila sindano kila siku, huyu atakufa." Nikakutafsiria. Ukasema, "Sukari? Kwetu sukari huonekana mgeni akija. Mwulize ameila wapi."

Tangu siku hiyo asubuhi zetu zikawa na kazi. Nachemsha sindano ya kioo katika sufuria ndogo. Natoa dawa kwenye chungu cha maji tulichokifukia kivulini ili isiharibike. Kisha napima mkojo: matone manane ndani ya kichupa chenye maji ya bluu, nakichemsha juu ya koroboi na kuangalia rangi. Ikibaki bluu, mtoto yuko salama. Ikiwa kijani, tahadhari. Ikiwa manjano, kuna mtu amekula kitu. Ikiwa nyekundu kama tofali la kanisa, kuna mtu amekula kitu na aliyempa namjua.

Maana wewe hukuafiki hata kidogo. Ombati alirithi jina la marehemu mumeo, kwa hiyo tangu alipozaliwa ulimwita "mume wangu", kama mabibi wote wanavyofanya, ila wewe ulizidisha. Ulisema hujawahi kuona mke anayemlaza mumewe njaa. Ulimfichia ndizi mbivu kwenye pipa la maharage, darini, na mara moja ndani ya kofia ya marehemu. Na kila nilipomshika paja nimchome, ulisimama mlangoni ukiwaambia wapita njia, "Mtoto wa watu si gunia. Anamshona kila siku, hata mashimo hayaonekani."

Alipofika miaka kumi na mmoja mambo yaliharibika. Kaptula niliyomshonea Januari haikufungika Aprili. Aliacha kunisimulia habari za shule. Alianza kuoga peke yake mtoni, tena mbali, kana kwamba simjui. Wewe ulisema anakua. Mimi niliona sukari tu. Akimpiga mbuzi teke, nachemsha mkojo. Akinuna, nachemsha. Akisema ugali umekuwa mgumu, nawasha koroboi. Siku moja nilimwuliza mbele ya wageni kama sukari imepanda, naye akafoka, "Si sukari, Mama! Ni wewe!"

Ulicheka mpaka ukashika nguzo ya nyumba. Mimi sikucheka. Nilikwenda kuchemsha nipate hakika, na ilikuwa bluu. Kumbe mtoto alikuwa amenikasirikia mimi, tena kwa akili zake timamu. Iliniuma kuliko tofali.

Halafu, mwaka ule mwanao Mwalimu, baba yake Ombati, alipotundika ukutani shuleni picha ya malkia kijana, ukaja muujiza. Ombati mwenyewe alianza kuniletea mkojo kwenye kikopo bila kuitwa. Akitoka upande wa migomba yako, ananikabidhi na kuondoka akipiga mluzi. Nachemsha: bluu. Kesho yake bluu. Wiki nzima bluu, isipokuwa Jumamosi, siku ya Sabato, ilipokuwa tofali tupu. Jumapili ikarudi bluu. Wiki tatu ikawa hivyo hivyo. Mwanao akasema Shetani hupenda kuwajaribu watu siku ya ibada. Mimi nililaumu viazi vitamu tunavyokula baada ya kanisa, nikawahutubia akina mama wenzangu mpaka mmoja akanihama benchi.

Nilipeleka daftari la rangi hospitalini nikiwa nimejaa fahari. Dresa alipitisha kidole kwenye safu ya bluu. "Mama, hii mkojo ni safi sana. Hata yangu haiwezi kufika hapa. Lakini Sabato mnakula nini?" Akapunguza dawa. Nilishuka garini pale Keroka nikapanda kilima kwa miguu nikiimba nyimbo za kanisani, mpaka mzee mmoja akaniuliza kama nimepata mahari ya binti.

Siku chache baadaye Ombati akaanza kukonda. Mtungi ukawa unakauka tena. Alilala kivulini mchana, na nilipomwinamia nikasikia pumzi yake inanuka ndizi mbivu, zile zilizopitiliza na kuanza kububujika ndani ya ganda.

Hapo sikufikiri tena. Nilifika mlangoni kwako na mwiko mkononi.

"Umempa ndizi!"

"Sikumpa."

"Mdomo wake unanuka ndizi!"

"Naapa kwa mume wangu aliye kaburini na kwa huyu aliye hai. Ndizi sijampa tangu mwezi uandame."

Nani angekuamini? Nilipekua nyumba yako nzima. Nilimwaga maharage, nikapanda darini, nikakung'uta kofia ya marehemu. Nilikuta ndizi nne, zote nzima, na hata hapo nikadhani zilikuwa tano. Nusu ya asubuhi nilitafuta ndizi huku mwanangu akihema kama mtu anayepanda mlima. Nimejisamehe mambo mengi, Mama, lakini nusu ya asubuhi ile bado.

Wanaume walimbeba kitandani mpaka Keroka, na lori la mahindi likatuchukua. Dresa alimwinamia Ombati, akavuta pumzi mara moja, akaangusha alichokuwa amekishika. "Hapana ndizi hii, Mama. Ni sukari imezidi, inaharibu damu. Watu wa huku mnanusa ndizi kwa sababu ndizi ndiyo mnajua. Na hii daftari yako, nani aliandika?"

Siku mbili Ombati hakutujua. Siku hizo sitazisimulia hata kwako.

Siku ya tatu uliingia wodini na fimbo yako, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Ulikuwa umekataa lori ukatembea toka nyumbani. Hukunisalimu. Ulielekeza fimbo kwa dresa ukaniambia, "Mwambie huyo wa soksi kwamba mkojo ulikuwa wangu."

Nilimtazama dresa, nikakutazama wewe. Ukanigonga mguu kwa fimbo. "Mwambie."

Nikamwambia. Dresa akauliza, "Yote?"

"Yote," ukajibu, "isipokuwa Sabato. Sabato sifanyi kazi."

Nikatafsiri na hilo. Dresa alitoka nje akasimama ukumbini, akatupa mgongo, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mimi niliketi sakafuni. Nilicheka, nikalia, nikatafuta kitu cha kukupiga nacho, nikaona beseni tu. Ukanieleza taratibu, kana kwamba mjinga ni mimi, kwamba Ombati alikujia na kikopo akilia. Alisema amechoka, mkojo wake unasomwa kila siku kama barua ya watu. "Nikaona nimwazime wangu," ukasema. "Wenyewe ulikuwa unamwagika bure."

Hukuomba msamaha. Nadhani hukujua unavyoombwa. Lakini uliketi kitandani kwa Ombati, ukaishika sindano iliyokuwa kwenye sinia, ukaigeuzageuza karibu na jicho lako lililokuwa na ukungu, ukasema, "Nionyeshe." Jioni ile Ombati alifumbua macho akaomba uji. Uliniangalia kwanza kabla ya kusema ndiyo, na hiyo ilikuwa mara yako ya kwanza kuniomba ruhusa tangu niolewe.

Mwaka uliofuata ukaja mtihani mkubwa. Wenzake wote walikuwa wanakwenda kutahiriwa mwezi wa Desemba, na yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Hata watoto aliowashinda hesabu walimwita omoisia, kijana asiyeingia jandoni. Mwanao alitaka apelekwe hospitali. Ombati alisimama katikati ya nyumba, kaptula imembana, akasema, "Baba, nikitahiriwa kitandani kama mgonjwa, nitaitwa mgonjwa mpaka nizeeke."

Kisu hakikunitisha. Mtoto aliyechomwa kila asubuhi miaka mitatu hatetemeki kwa kisu. Lililonitisha ni nyumba ya jando. Vijana hukaa humo mwezi mzima, na mama haruhusiwi kumwona mwanawe. Baba naye ndiyo kabisa, maana mila ya ensoni, ile haya baina ya mzazi na mtoto aliyetahiriwa, humfunga baba kuliko mtu yeyote. Sasa nani angemchoma? Mwenyewe alikuwa hajawahi kuigusa sindano. Bila dawa, siku tatu tu angeanza tena kunuka ndizi. Nikasema haendi. Akaacha kula, nami nikashindwa hata kujua kama nichemshe mkojo wake au wangu.

Mwanao alimteua mpwa wake Nyakundi, aliyekuwa miongoni mwa vijana walinzi wa jando. Nyakundi alikuwa na shingo ya fahali, na watoto walimkimbia sokoni. Nilimwonyesha sindano. Akaitazama, akaniuliza inaingia mpaka wapi, akaanguka chali juu ya kuku aliyekuwa anaatamia. Tulipoteza mayai sita na mlinzi mmoja.

Ndipo ukasema, "Lete hapa. Nimesuka vikapu miaka hamsini, sindano haijawahi kunipotea mkononi."

Nikakukumbusha kwamba huoni vizuri. Ukasema nitaijaza mimi, wewe utachoma tu. Nikasema lazima ujifunze kwanza, nikadhani tutatumia mgomba. Ukasema mgomba haulii, utajuaje kama umekosea? Basi nikatoa paja langu, nawe ukanichoma maji yaliyochemshwa, mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri. Mara ya tatu haikuwa na sababu yoyote, Mama, na uso wako ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona.

Asubuhi ya kisu tuliichelewesha sindano, maana dresa alikuwa amenionya: akichomwa kisha akakaa na njaa, sukari itashuka, atatokwa jasho na kutetemeka. Na anayetetemeka mbele ya kisu huitwa mwoga, yeye na ukoo wake. Nani angewaeleza wazee wale habari za sukari? Ulimnywesha uji wa wimbi mbele yangu, nikamwona akienda na wenzake kwenye umande, shuka begani, miguu myembamba kama ya korongo. Nilikaa jikoni nimeshika mwiko usio na kazi mpaka nikasikia wimbo unarudi. Alikuwa amesimama imara kama nguzo. Baadaye wenzake walisimulia maneno yake juu ya ngariba: "Huyu amenichoma mara moja akaenda zake. Mama yangu hurudi kila siku."

Kisha ukachukua sindano niliyoijaza, imefungwa kwenye kitambaa kilichochemshwa, ukaenda zako kwenye nyumba ya jando. Nilijificha nyuma ya ua nikasikia yote. Shemeji yako mzee Onchiri alikuwa mlangoni.

"Mwanamke haingii humu."

"Siendi kwa vijana wenu. Naenda kwa mume wangu. Ana jina lake, ana masikio yake, na leo hajapata dawa. Wewe ni nani umzuie mke kumtunza mumewe?"

Mzee Onchiri alikohoa. Alitazama mbinguni, akatazama fimbo yako. "Basi ingia, shemeji. Mambo ya mke na mume siyawezi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi. Mimi nyuma ya ghala nikijaza, wewe ukipokea. Ndani ya shuka yako niliweka kwa mkono wangu ndizi moja mbivu, endapo sukari ingeshuka. Na siku ya tisa ilishuka kweli, maana uji ulichelewa, akaanza kutokwa jasho na kusema maneno yasiyo na kichwa. Ulimenya ndizi ukamlisha, kisha ukapaza sauti mpaka ng'ambo ya mto, ili nisikie vizuri: "Mama Ombati! Ndizi yako imemponya mume wangu!" Miaka mitatu nilikuwa nikizifukuza ndizi zako, na siku ile nilisimama nyuma ya ua nikiishukuru moja.

Mwezi ukaisha, Ombati akatoka, akapewa nyumba yake mwenyewe, na paja lake halikuwa tena la macho yangu. Ukaendelea wewe. Mwaka mzima kila asubuhi nilichemsha, nikajaza, nikakupa, nawe ukaenda kwake na kurudi na sindano tupu ukisema, "Nimemchoma mume wangu. Hakulia." Kisha ulipokuwa huwezi tena kutembea vizuri, akaanza kujichoma mwenyewe, tena vizuri mno mara ya kwanza, nami nikasema ni mkono wa Mungu.

Sasa nimeambiwa ulikuwa mkono wa nani. Juzi alikuja akasimama nje ya jiko langu, kijana wa miaka kumi na saba, sauti imekuwa nzito, akasema, "Mama, Bibi alinichoma siku kumi tu. Siku ya kumi na moja mkono wake ulitetemeka, nikamwambia, Bibi, lete. Toka siku hiyo nilijichoma mwenyewe. Yeye alikaa tu kando akinisimulia habari za Babu, mpaka muda wa kutoka ufike."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Na kwa nini hamkuniambia?"

Alikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu, kama alivyofanya akiwa mdogo. "Alinikataza. Alisema, 'Wewe umeshaachishwa ziwa, mama yako bado. Mtoto huachishwa kwa siku chache, lakini mama huchukua muda. Tumwachishe polepole.'"

Nilikasirika, nisikufiche. Nilikwenda mpaka kwenye migomba yako nikasema maneno ambayo mkamwana hasemi mbele ya kaburi. Kisha nikakaa pale chini. Kila asubuhi ya mwaka ule niliamini kwamba dawa ya mwanangu inatoka kwangu inafika kwake, na wewe ndiye njia tu. Kumbe yeye alikuwa ameshaweza kujitunza, na aliyekuwa anatibiwa kila asubuhi ni mimi. Na ulinitibu kwa miguu ile inayouma, kwenye umande, ukirudi na sindano tupu ukiniambia hakulia. Nakukosa, Mama. Sikudhani nitaandika neno hilo.

Sasa ensoni hainiruhusu kumwuliza kijana mkubwa habari za mkojo wake. Lakini yeye huacha kichupa dirishani kwake kila asubuhi, nami hupita hapo nikienda kwa kuku. Banda la kuku liko upande mwingine, lakini hakuna aliyeniuliza. Leo nilipita. Kilikuwa bluu, bluu kabisa, kama siku zile. Nikasimama. Nikauambia ukuta, "Ni wa nani?"

Nikamsikia akisogea dirishani. Kisha akajibu, "Bibi hayupo, Mama. Wa nani tena?"

Nikaenda kwa kuku nikalie vizuri.

Pumzika. Ndizi zako zimeiva, nimezitundika pale pale darini ulipodhani sipajui.

Mkamwana wako, uliyemwachisha polepole,
Mama Ombati